Joto la Gari Lililosimama

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri, mwezi wa Julai, tulipofika nyuma ya lori la mahindi lililokatika ekseli kwenye mlima wa kwenda Timau. Ekai akakanyaga breki, na hewa ya hita ikaanza kupoa. Haikugeuka ghafla. Ilipoteza joto kidogo kidogo mpaka ikawa baridi kama ile iliyokuwa nje, na kioo cha mbele kikaingia ukungu. Mimi nilikuwa nyuma na blanketi la akiba. Mbele, kando ya Ekai, aliketi mama yake, mjane mwenye kifua kibovu, tuliyekuwa tukimpeleka Nanyuki kwa daktari wa mapafu. Daktari huyo alifika pale mara moja kwa mwezi, na ukikosa siku yake unangoja mwezi mwingine. Mama Ekai alivuta pumzi ile baridi, akashika dashibodi kwa mikono miwili, na nikasikia kifua chake kikipiga filimbi. Ekai alitoa gia akakanyaga mafuta, injini ikanguruma pale pale tulipokuwa tumesimama, na baada ya muda mfupi hewa ikarudi kuwa vuguvugu, kisha moto. Alipoinua mguu, ikapoa tena. Alijaribu hivyo mara kadhaa, kama mtu asiyetaka kuamini anachokiona, halafu akaacha kuinua mguu.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Ekai huko Ngaremara, kando ya kaburi la mama yake. Baada ya maziko tulipanga foleni kunawa mikono, wanawake wakitumiminia maji ya mtungi, na yangu ilipokauka kwa jua nikaona vumbi jeupe limebaki kati ya vidole. Nilikuwa bado naviangalia vidole hivyo aliponijia Akai, binti yake mkubwa, ambaye ni mwalimu. Akaniambia, “Anko Kirimi, Baba hakuwahi kutuambia nyanya alikufaje. Alisema tu alifia kwa gari. Ilikuwa ajali?” Nikamjibu kwamba haikuwa ajali, kwamba gari lilikuwa limesimama. Aliningojea niendelee. Watu walikuwa wengi, mchungaji alikuwa akituita tukale, na mimi si mtu wa kusimulia jambo kwa haraka. Nilimwahidi nitamwandikia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimepanga chumba Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo, katika ploti ya vyumba vinavyotazamana na choo mwishoni. Ukuta kati ya chumba changu na cha Ekai ulikuwa wa mbao zisizokutana vizuri, kwa hiyo nilijua wanakula nini na wanazungumza nini, nao walijua yangu. Mama yake alikuwa amehamia kwake mwezi wa Machi, kifua kilipomshinda kuendelea kuuza makaa barabarani. Alikuja na kigoda, shanga zake, na birika la alumini ambalo ndani lilikuwa jeupe tupu. Ukoko mgumu ulikuwa umejenga tabaka juu ya tabaka mpaka birika likawa linaingiza chai nusu ya ukubwa wake. Ekai alitaka kuukwangua kwa kisu. Nilimsikia mama akimzuia: “Wacha. Ukitoa hiyo, chai itakosa ladha.” Chai yenyewe nilikunywa jioni nyingi, nimeketi kwenye kizingiti chao, na ni kweli ilikuwa na ladha yake, chumvi kwa mbali nyuma ya maziwa. Tulikula ugali na maziwa ya mgando, na siku za biashara nzuri mbuzi wa kukaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Mama Ekai alikula kidogo, akasukuma sahani kwangu, akasema Wameru ni watu wa kulima, lazima wajazwe.

Mimi na Ekai tulikuwa tumenunua gari kwa pamoja, stesheni wageni nyeupe ya petroli, kuukuu, tukifanya nayo kazi ya kubeba wafanyabiashara wa mbuzi kwenda minada ya kaskazini. Siku hizo lami iliishia Isiolo. Mbele yake ni mawe, vumbi na joto, na injini ilichemka kila mara. Kila dereva wa Isiolo alijua dawa: unafungua hita yote mpaka mwisho, joto la injini linaingia ndani kwa abiria, na sindano ya joto inashuka. Nje kunaunguza, ndani kunaunguza zaidi, madirisha wazi, vumbi likiganda kwenye jasho. Namkumbuka mzee mmoja wa mnadani akilalamika, “Dereva, kwani unatupika?” Ekai akamjibu, “Sipiki mtu, mzee. Naokoa injini.” “Na sisi tukichemka?” “Nyinyi mna jasho. Hii haina.” Gari zima lilicheka. Kwetu hita ilikuwa kitu cha injini. Hatukuwahi kufikiria kama inaweza kuwa kitu cha mtu, na kwa kuwa tulikuwa tukiifungua tu gari likikimbia, hatukujua inafanya nini gari likisimama.

Dawa ya pili ilikuwa maji. Pale Ngaremara, kwenye barabara hiyo ya kaskazini, hakuna aliyemnyima dereva maji ya rejeta, wala aliyemlipisha. Kuuza maji kwa gari lililochemka kulihesabiwa aibu, kama kumuuzia mgeni maji ya kunywa. Mama Ekai, alipokuwa bado na nguvu, aliketi kando ya barabara na magunia yake ya makaa na mitungi nyuma yake, na gari likifika na mvuke alinyanyuka kabla dereva hajafungua mlango. Kwa gari letu alikuwa na mtungi wa peke yake, umezibwa kwa kitambaa cha buluu. “Hii ni ya gari,” alituambia. “Msinywe.” Maji yale aliyateka kisimani na kuyabeba kichwani, na najua kulikuwa na siku alizopika kwa maji kidogo ili mtungi wa gari ujae. Tulipopita tuliyamimina kwenye rejeta bila kuwaza. Yalikuwa maji ya chumvi, lakini maji yote ya huko yalikuwa ya chumvi, na gari lilitembea.

Alfajiri ile ya Julai tulikaa nyuma ya lori zaidi ya saa nzima. Upande mmoja ulikuwa ukingo wa mlima, upande mwingine bonde, na nyuma yetu magari yalikuwa yameshikana kiasi kwamba hatungeweza kugeuka. Ekai aliendelea kukanyaga mafuta. Mwanamume mmoja aliyevaa koti la manyoya alikuja akagonga dirisha. “Kijana, unaenda wapi na umesimama? Unatuamshia watoto.” Ekai akamwonyesha mama yake. Yule mtu akachungulia, akavua kofia, akasema, “Pole, mama,” akarudi kwenye gari lake. Lakini sindano ya petroli ilikuwa ikishuka, na hapakuwa na kituo cha mafuta kabla ya Timau. Ekai aliniangalia kwenye kioo cha ndani. Nikamwambia, “Tukiishiwa mafuta hapa hatufiki kabisa.” Akatoa mguu. Nilimfunika mama yake kwa blanketi la pili, nikamwekea leso mdomoni apumulie ndani yake, na tukakaa tukisikiliza ile filimbi ya kifua ikipanda. Tulipofika hospitali alikuwa hawezi kumaliza neno. Daktari alimpa dawa ya kufungua kifua akasema katika hali ile hawezi kumpima, majibu yatakuwa ya uongo. Tumrudishe mwezi wa Agosti, na asipigwe na baridi njiani.

Hilo ndilo lililokuwa mikononi mwetu: wiki chache za kufanya gari lililosimama litoe joto. Basi la abiria tusingeweza kumpandisha, madirisha yake hayakufunga, na gari la kukodi la kuaminika hatukulimudu. Nilikuwa na kitabu cha ufundi wa magari cha Kiingereza, nilichokinunua kando ya barabara bila jalada, na kamusi ya shule. Nilisoma sura ya kupoza injini mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote, kwa sababu kitabu kilisema wazi kwamba hita inayopoa gari likisimama ina sababu chache, na kila moja ina njia yake ya kuithibitisha. Hadi leo ndivyo ninavyofikiri. Sianzi na kubadilisha kitu. Naanza na kuuliza kitu.

Tulipeleka gari kwa Guyo, fundi wa Kiborana aliyekuwa na gereji ya wazi karibu na soko la mifugo, mtu mwenye mikono ya kuaminika na mdomo usiotulia. Mama Ekai alikuja nasi, kwa sababu Ekai hakupenda kumwacha peke yake, akakalishwa kivulini kwenye kiti cha gari kilichong'olewa.

“Salaam aleikum, Mmeru,” Guyo alisema. “Leo kitabu inasema nini?”

“Aleikum salaam. Inasema tushike mipira ya hita.”

“Hita? Isiolo? Nyinyi lete hiyo mipira nikate, niunganishe hii na hii, maji ipite huku. Hata haitavuja tena. Gari ngapi hapa nimezikata.”

“Mimi nataka hita,” Ekai alisema.

“Wewe unataka joto? Simama hapo nje ya kivuli. Bure.”

Vijana wa gereji walicheka. Ekai hakucheka. “Ni ya mama,” akasema. “Akipanda Timau kifua inafunga.” Guyo alimtazama yule mama kwenye kiti, akafuta mikono kwa tambara. “Si ungesema hivyo,” akasema. “Fungua boneti.”

Tulianza na maji. Yalikuwa yamejaa. Tukatafuta hewa iliyonaswa ndani: tuliegesha gari pua ikiwa juu kwenye mteremko, tukafungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, tukaiwasha, tukaibinya mipira kwa mikono hadi mapovu yakaisha. Hewa ilikuwemo kidogo. Jioni ile hita ilitoa joto gari likiwa limesimama, tukarudi nyumbani tukiwa na furaha, na kesho yake ikawa baridi tena. Ndipo tukashika mipira yenyewe. Iko miwili inayopita ukuta ulio kati ya injini na abiria, mmoja unapeleka maji ya moto kwenye hita, mwingine unayarudisha. Injini ikinguruma polepole, wa kwanza ulikuwa wa moto hata usishikike na wa pili ulikuwa baridi. Ekai alipokanyaga mafuta, wa pili nao ukaanza kupata joto chini ya kiganja changu. Maana yake maji yalifika mlangoni yakashindwa kupita, ila yakisukumwa kwa nguvu. Ama njia ilikuwa nyembamba, ama msukumaji, yaani pampu ya maji, alikuwa dhaifu. Tulikuja kugundua ni yote mawili.

Kutoa kile kisanduku cha hita nyuma ya dashibodi kulitumalizia siku. Guyo alifunga mpira wa maji kwenye mdomo wake mmoja. Kwanza ukatoka uchafu wa kutu, mwekundu, kisha hakikutoka kitu. Akageuza, akapitisha maji kwa upande wa pili, na vipande vyeupe vikaanza kuanguka kwenye karai, vigumu, vyembamba kama maganda ya yai. Guyo akakiokota kimoja, akakigusa kwa ulimi.

“Chumvi,” akasema. “Hii ni maji ya Ngaremara.”

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akitaja kitu anachokijua. Lakini mama Ekai alikuwa karibu, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote. “Leta nione,” akasema. Ekai hakusogea. Guyo, asiyejua lolote, akampelekea. Mama alikizungusha kile kipande kwenye kiganja.

“Iko kama ya birika yangu.”

“Ndiyo, mama,” Guyo akasema.

“Basi ni mimi nimeziba.”

“Si wewe,” Ekai akasema haraka. “Kila gari ya barabara hiyo iko na hii. Kila mtu anaweka maji ya huko.”

“Gari zingine sikuwawekea mtungi.”

Guyo aliniangalia, akaelewa, akainama juu ya karai akaendelea kupitisha maji, ingawa yalikuwa yameshakuwa safi. Mama Ekai alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, na kilipotulia akasema, kana kwamba anajisemea, “Na vile walikuwa wakisema asante.” Nimefikiria sentensi hiyo kwa miaka mingi. Nimeuza spea za magari katika mji huu zaidi ya nusu ya maisha yangu, na nimewaeleza mamia ya madereva habari ya chumvi na pampu. Wananisikiliza, wananunua plagi, wanaenda zao, na wakichemka barabarani wanapewa maji, kama inavyopasa. Sijapata namna ya kulieleza jambo hili ambayo haimlaumu mtu aliyebeba mtungi.

Tulikilaza kile kisanduku ndani ya siki ya moto usiku kucha, tukakipitishia maji tena, tukakilaza tena. Tulipofungua pampu ya maji tukakuta mapanga yake yameliwa, yamebaki vijiti. Pampu mpya ililetwa na basi kutoka Nairobi, na tukaijaza injini kulanti ya kijani, dawa ya kupoza injini, badala ya maji. Mama Ekai aliuliza kwa nini ni kijani. Ekai akamwambia ili mtu asije akainywa. Akasema hiyo ni akili nzuri.

Safari ya Agosti tulianza saa ile ile. Juu kabisa, penye mashamba ya ngano, kulikuwa na kizuizi cha polisi na foleni ndefu, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba taa za gari la mbele zilionekana kama makaa mawili. Ekai alisimamisha gari, akatoa gia, akaondoa miguu yote miwili kwenye pedali akaiweka bapa sakafuni. Tukangoja. Hewa iliendelea kutoka ya moto. Kioo kilikuwa safi. Mama yake alikuwa amelala mdomo wazi, shuka limeteleza begani, na kifua chake hakikuwa na sauti. Niliinama mbele nitoe neno, Ekai akainua kidole. “Usiseme kitu,” akanong'ona. Tulikaa hivyo, wanaume wawili tukimtazama mwanamke mzee akilala, na sijui kama nimewahi tena kuwa na furaha safi ya namna ile kwa sababu ya kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu.

Daktari alimpima. Alituita Ekai na mimi pembeni, akidhani sisi ni ndugu, akasema mapafu yamekwisha kwa moshi wa miaka mingi ya makaa, na dawa zitampunguzia tu taabu. Ekai akamuuliza kama ule mwezi tuliopoteza ndio uliomharibu. Daktari akasema hapana, hata Julai angetuambia maneno yale yale. Njiani kurudi nilikuwa nikijaribu kuamua kama jibu lile lilikuwa afueni, na nikashindwa. Bado sijaamua.

Oktoba joto la Isiolo likafika kileleni kabla ya mvua, mabati yakilia mchana kutwa, na yeye akaanza kusikia baridi. Tulimfunika kwa kila kitu kilichokuwemo katika vyumba viwili. Ekai alipasha mawe akayafunga kwa vitambaa akamwekea miguuni. Alasiri moja nilimsikia kupitia mbao akisema, “Nipeleke kwa gari.”

“Wapi, Mama?”

“Si mahali. Kwa gari tu.”

Gari lilikuwa uani. Tulimbeba, alikuwa mwepesi kuliko mtungi wake, tukamkalisha kiti cha mbele. Ekai aliwasha injini, akafungua hita yote, akapandisha vioo upande wa mama akaacha wake wazi. Mimi niliketi nyuma kama tulivyozoea. Jirani yetu Mama Kanana alikuwa akianua nguo. “Ekai, kwani unakausha mama?” aliuliza. “Watu wanatafuta kivuli na wewe unawasha moto.” Halafu akatuona vizuri, akaziweka nguo chini, akawafukuza watoto waliokuwa wakicheza karibu.

Mama Ekai alinyoosha mikono yake akaiweka mbele ya tundu la hewa. Jasho lilinitoka mpaka kiti kikalowa. “Hii sasa ni nzuri,” akasema. Baadaye aliuliza kama tumefika juu. Ekai akasema bado kidogo. Akaegemeza kichwa, na mikono ikashuka mapajani polepole. Injini ilinguruma mahali pamoja, feni ikavuma, na kwa sababu ya sauti hizo mbili hakuna kati yetu aliyesikia pumzi ilipokatika. Tulijua tu kwamba ilikuwa imekatika tangu kitambo. Ekai alizima hita kwanza, kisha injini, akabaki ameshika ufunguo.

Hakuendesha tena gari lile. Tulimpeleka mama yake Ngaremara kumzika kwa pikapu ya kukodi, na mwezi wa Novemba tukaliuza letu kwa mfanyabiashara wa miraa aliyetaka kitu cha kwenda nacho kaskazini. Alilizunguka, akapiga teke magurudumu, akasikiliza injini. Mimi nilitaja pampu mpya na kulanti. Ekai akamwambia, “Hita yake inatoa joto hata ikisimama.” Yule mtu akadhani anatania. “Ndugu yangu,” akasema, “hapa hatununui joto.” Nilitaka kubishana naye, Ekai akampa ufunguo. Tulienda nyuma ya soko, tukaketi kwenye ukuta wa mawe, nikatoa bei aliyotupa katika yote tuliyokuwa tumelitilia gari lile tangu siku tulipolinunua. Hasara ilikuwa shilingi thelathini na saba elfu na mia nne.